Jinsi ya kuisoma shule ya sekondari ya kitongojini Uingereza kabla hujaiandika kwenye fomu

Kila mwaka ikifika mwezi wa tisa simu yangu inajaa meseji za ndugu na jamaa walioko huku, mtoto kaingia Year 6 (mwaka wa mwisho wa shule ya msingi), shule zinazofikika kwa basi zipo tano, zote websaiti zao zina picha za watoto wanacheka wameshika chupa za maabara, sasa tuchague ipi? Na jibu langu huwa linawaudhi kidogo maana siwatajii shule, nawaambia kaulizeni hiyo shule ilikuwa nini mwaka 1960. Wanadhani natania. Sitanii hata kidogo, shule za sekondari za vitongoji vya Uingereza zinabadilisha jina, zinabadilisha sare, zinabadilisha hedi (mwalimu mkuu), ila ile tabia ya mwanzo inabaki mule ndani kama harufu ya moshi kwenye nguo.

Hii akili niliipata kwa bahati tu. Nilimpeleka binti yangu kwenye jioni ya kukaribisha wazazi kwenye shule moja (siitaji) nje kidogo ya London, kule ambako nyumba zote ni zile pacha zenye dirisha lililotokeza mbele. Hedi kaongea dakika ishirini na slaidi zake, maadili, ndoto, ubora, ukitoka huna hata neno moja la kumsimulia mtu. Mi nikatoka kutafuta choo nikapotea, nikajikuta kwenye korido ya zamani ina mbao kubwa ukutani zimeandikwa kwa rangi ya dhahabu, mwaka, jina la mwanafunzi, chuo alichoenda, Oxford, Cambridge, majina yanashuka mwaka baada ya mwaka halafu katikati ya miaka ya 70 yanakatika. Nafasi chini bado ipo tele lakini hakuna jina. Nikasimama pale najiuliza, hivi watoto wa mtaa huu wote waliishiwa akili mwaka mmoja? Binti yangu anapiga simu baba uko wapi.

Kumbe watoto hawakubadilika, shule ndo ilibadilika. Basi tangu siku ile nikaanza kuzisoma hivi, na ntawaeleza namna ninavyofanya.

Anza na jengo

Nenda Jumamosi shule imefungwa, zunguka uzio wote kwa miguu. Karibu kila sekondari ya kitongojini imejengwa vipande vipande na kila kipande kina mwaka wake na pesa ya mwaka huo, ukishajua kusoma vipande unajua lini serikali iliikumbuka hiyo shule na lini iliisahau.

Ukiona tofali nyekundu, kimnara juu ya paa, madirisha marefu na pengine milango miwili, juu ya mmoja jiwe limechongwa wavulana na wa pili wasichana, hapo upo kwenye kizazi cha mwanzo wa karne ya 20. Sheria ya elimu ya 1902 ilizifuta zile bodi za shule zilizoanzishwa na sheria ya 1870 ikazikabidhi kaunti na miji mikubwa kazi ya elimu, na hapo ndo sekondari za kaunti zikaanza kuota. Zilikuwa za kulipia ada. Kuanzia 1907 shule iliyotaka ruzuku ya serikali ikaambiwa itenge robo ya nafasi bure kwa watoto waliotoka shule za msingi za umma, kwa hiyo mtoto wa fundi na mtoto wa karani wa benki wakawa wanakaa dawati moja, ila mmoja kila mtu anajua hajalipa.

Halafu kuna kizazi cha reli, na hiki ndo vitongoji vyenyewe hasa. Kampuni ya reli ya Metropolitan ilianza kulitangaza eneo la kaskazini magharibi ya London kwa jina la Metro-land mwaka 1915, na vita ya kwanza ilipoisha mashamba ya Wembley, Harrow, Pinner na Ruislip yakageuka nyumba pacha ndani ya miaka ishirini tu. Familia zikahamia shule hakuna. Kaunti ya Middlesex ikawa inajenga mbio mbio, na wasanifu wake wawili, W. T. Curtis na H. W. Burchett, wakaacha mtindo ambao ukishauzoea unautambua hata ukiwa kwenye basi: tofali, paa bapa, madirisha ya chuma yanayokimbia kwa ulalo, na mnara wa ngazi wenye kioo. Mi nazipenda sana zile shule kusema ukweli, zina mwanga.

Baada ya vita ya pili mambo yakawa haraka zaidi. Umri wa kuacha shule ulipandishwa kutoka 14 kwenda 15 mwaka 1947, madarasa hayatoshi, serikali ikashusha vibanda vya zege vilivyoitwa HORSA ambavyo vilikusudiwa viwe vya muda na vingine mpaka leo unavikuta vimesimama ni stoo ya mabao ya hoki. Hertfordshire wao wakatengeneza shule kama mtu anavyounga kabati, fremu za chuma na vipande vilivyotoka kiwandani tayari, na 1957 kaunti kadhaa zikaungana kwenye mpango wa CLASP kwa kazi hiyo hiyo. Umri ukapanda tena kwenda 16 mwaka 1972 na kila shule ikapata bloku yake, wazee bado wanaiita ROSLA. Ukisikia mwalimu mzee anasema njoo chumba fulani pale ROSLA ujue ndo hiyo. Zege jepesi la miaka hiyo ndo lile la RAAC lililoleta kizaazaa mwisho wa Agosti 2023, siku chache kabla shule hazijafunguliwa shule zaidi ya 100 zikaambiwa zifunge majengo au sehemu ya majengo, watoto wakasomea kwenye mahema. Kwa hiyo ukiona bloku ya miaka ya 60 uliza tu bila aibu, ilikaguliwa? Hata asbestosi uliza, watakujibu, wana rejista.

Vile vipya vya kioo na rangi rangi mara nyingi ni vya mpango mkubwa wa kujenga upya sekondari wa serikali ya Labour ambao Michael Gove aliukata Julai 2010. Kuna shule jirani mbili, moja ilisaini mkataba kabla ya siku hiyo ina jengo la kifahari, nyingine ilikuwa kwenye foleni bado inakinga ndoo mvua ikinyesha. Wazazi wanaona hedi wa kwanza ni bora kumbe ni tarehe tu.

Na usiishie nje. Siku ya kukaribisha wazazi tafuta vitu viwili: karakana na ukumbi. Jengo lililojengwa kama shule ya gramma, ile ya kuchuja kwa mtihani, lina ukumbi wenye jukwaa na mbao za majina, maabara na maktaba ya maana. Lililojengwa kama sekondari modani, ile ya wasiofaulu, lina karakana kubwa za mbao na chuma, majiko ya kufundishia mapishi, wakati mwingine hata bustani. Hapa ndo tunaingia kwenye swali lenyewe.

Ilikuwa nini kabla

Sheria ya elimu ya 1944, ile inayoitwa ya Butler kwa jina la waziri, ilifanya sekondari iwe bure kwa kila mtoto. Sheria yenyewe haikusema shule ziwe aina tatu, ila watu wa wizara na kaunti wakazipanga hivyo: gramma kwa wanaofaulu mtihani wa miaka 11, ambao kila mtu anauita ilevenplasi, teknikali kwa wenye mikono na hesabu, na sekondari modani kwa waliobaki. Waliobaki ni wengi sana, gramma ilichukua kama mtoto mmoja kati ya wanne au watano kutegemea kaunti, na teknikali zilijengwa chache mno. Maana yake mtoto wa miaka 11 anapata barua mezani asubuhi na maisha yanagawanyika pale pale, mapacha wanavaa bleza za rangi tofauti.

Modani nyingi hazikuzaliwa 1944. Zilikuwa shule za wakubwa (watoto wa miaka 11 kwenda juu) zilizojengwa miaka ya 30 baada ya ripoti ya Hadow ya 1926, zikabadilishwa kibao tu getini. Na kwa muda mrefu mtoto wa modani alikuwa anatoka bila cheti cha maana, O level zilikuja 1951 zikiwa zimelengwa kwa watoto wa gramma, wa modani wakapata CSE yao 1965, mpaka GCSE ya 1988 ndo ikawaunganisha. Kwa hiyo shule iliyokuwa modani ilijifunza kuishi bila mitihani, ikajenga jina lake kwa michezo, bendi, ufundi, na nidhamu. Iliyokuwa gramma ilijifunza kwamba thamani yake ni chuo kikuu. Hebu zitembelee leo zote mbili ni akademi (shule za serikali zinazoendeshwa na trasti badala ya kaunsili), zote zinachukua mtoto yeyote, sikiliza wanachojivunia. Utashangaa.

Namna ya kujua ilikuwa ipi: jina la zamani. Ukikuta shule iliitwa County Grammar au County School hiyo ni gramma. Technical High ni teknikali. Ukikuta jina la mtaa au la shamba la zamani halafu Secondary au Secondary Modern, au Senior kabla ya vita, ni modani. Neno High ni janja kidogo, kaunti zilikuwa zinalitumia kwa gramma za wasichana halafu baadaye kila shule ikajiita High. College nayo ni ya juzi juzi, miaka ya 90 mpaka 2010 shule zilikuwa zinapewa pesa ya ziada kuwa za fani fulani, teknolojia, lugha, michezo, ndo maana kuna mabango mengi ya Sports College yaliyopakwa rangi juu.

Mfano mzuri wa teknikali upo Bromley. David Bowie, wakati huo David Jones tu, alisoma Bromley Technical High School, na mwalimu wa sanaa pale alikuwa Owen Frampton, baba yake Peter Frampton mpiga gitaa. Sasa ukijua teknikali ilikuwa nini huoni ajabu, ilikuwa shule ambayo kuchora ni somo la maana, sio kitu cha Ijumaa mchana. Shule hiyo leo ni Ravens Wood.

Na mfano wa jengo moja kuishi maisha mengi upo Pinner. Pinner County Grammar School ilifunguliwa 1937, Elton John alisoma pale akiitwa Reginald Dwight. Harrow ilipopanga upya shule zake 1974 ikageuka chuo cha A level, miaka ya 80 ikafungwa, jengo likawa shule ya kulipia ya wasichana, nayo ikafungwa, halafu 2016 ikafunguliwa shule mpya ya serikali, Pinner High School. Ukisoma websaiti ya shule mpya unaona 2016. Ukisimama nje unaona 1937.

Nembo nayo usiipite. Panga tatu fupi zenye pengo kwenye makali na taji juu yake ni Middlesex, kaunti iliyofutwa 1965 London kubwa ilipoundwa, ukizikuta kwenye bleza ya mtoto huko Ealing au Hounslow ujue hiyo shule ni ya enzi ya kaunti. Farasi mweupe amesimama ni Kent. Bata maji mwenye mnyororo shingoni ni Buckinghamshire. Essex nao wana panga tatu lakini hakuna taji, usichanganye.

Vita ya komprehensivu, na kwa nini jirani yako ana gramma we huna

Hapa nakaa kidogo maana ndo siri ya ile korido.

Julai 1965 waziri wa elimu Anthony Crosland alitoa waraka namba 10/65 unaoziomba kaunti na manispaa za London ziache kuchuja watoto, wote waingie shule moja, komprehensivu. Shule za aina hiyo zilishakuwepo, Kidbrooke kusini mashariki ya London ilifunguliwa 1954 ikiwa na wasichana karibu elfu mbili, watu walikuja kuitazama kama wanatazama meli. Lakini ona neno: waraka uliomba, haukuamrisha. Vitongoji ndo vilikuwa vimejaa watu waliohama mjini ili mtoto aende gramma, sasa wanaambiwa gramma inakufa. Enfield wazazi waliipeleka kaunsili mahakamani 1967 wakashinda kwa sababu taratibu za kutangaza mabadiliko hazikufuatwa. Margaret Thatcher alipokuwa waziri wa elimu 1970 aliufuta waraka wa Crosland mara moja, na cha kuchekesha, mipango ilishaiva, ni yeye aliyepitisha komprehensivu nyingi kuliko waziri mwingine yeyote.

Matokeo yake ni kiraka kiraka. Kaunsili iliyokubali mapema haina gramma, iliyogoma mpaka pumzi ya mwisho bado inazo. Kent, Buckinghamshire, Lincolnshire, na kwenye kingo za London Sutton, Kingston, Bexley, Barnet. England nzima zimebaki 163, na sheria ya 1998 imekataza kufungua mpya. Ndo maana mtu anaweza kuvuka barabara moja tu na kanuni zote zikabadilika.

Sasa hili ni la kiutendaji kabisa: ukiangalia komprehensivu iliyo karibu na gramma, usiisome kama komprehensivu. Watoto wa alama za juu wameshachotwa kabla ya siku ya kwanza, kwa vitendo ile ni modani iliyobadilishwa jina. Inaweza kuwa shule nzuri sana, mi naijua moja inafanya maajabu, ila ukilinganisha matokeo yake na ya komprehensivu ya Harrow, ambako hakuna gramma ya serikali, unawaonea. Na kinyume chake, komprehensivu iliyokuwa gramma na ipo katikati ya nyumba za bei mbaya haichuji kwa mtihani, inachuja kwa futi kutoka nyumba yako mpaka getini. Hiyo ntairudia.

Nani alihamia mtaani

Shule ni mtaa uliovaa sare, kwa hiyo uliza nani alihamia na lini. Southall 1963 wazazi weupe waliandamana kulalamika kwamba watoto wa Kihindi wamekuwa wengi shuleni, waziri Edward Boyle akaenda mwenyewe, na 1965 serikali ikashauri shule isizidi theluthi moja ya watoto wa wahamiaji. Kaunsili ya Ealing ikawa inawapakia watoto wadogo kwenye mabasi asubuhi kuwasambaza shule za mbali, iliendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 80. Watu waliopakiwa kwenye yale mabasi leo ni mabibi na mababu wanaosubiri wajukuu getini, waulize, watakusimulia kuliko kitabu.

Halafu kuna wenzetu. Wahindi wa Kenya walikimbilia Uingereza kwa wingi kabla mlango haujabanwa na sheria ya Machi 1968, na 1972 Idi Amin akawafukuza wa Uganda, zaidi ya 27,000 wakaja huku. Wengi wakakaa Leicester, Wembley, Harrow. Hawa ndo waliozijaza komprehensivu changa za miaka ya 70 na watoto wanaoambiwa nyumbani kwamba daktari au mfamasia hakuna kazi nyingine. Tahadhari ndogo: ukiwa kwenye geti la shule ya Harrow usimseng'enye mtu kwa Kiswahili ukidhani uko salama, kuna mzee amevaa sweta nyuma yako amezaliwa Kisumu anaelewa kila kitu.

Makaratasi yako wapi

Kaa na kompyuta jioni moja. Ingia huduma ya serikali inayoitwa Get Information About Schools, andika jina, itakupa aina ya shule, tarehe ya kufunguliwa, na shule iliyotangulia kama ipo. Tarehe ya kufunguliwa hapo isikudanganye, shule ikigeuka akademi inahesabiwa imezaliwa upya siku hiyo, kwa hiyo shule ya miaka mia inasomeka 2012. Akademi za kwanza zilifunguliwa 2002 na baada ya sheria ya 2010 nyingi zikageuka, leo zaidi ya sekondari nne katika kila tano ni akademi. Fuata kiungo cha shule iliyotangulia mpaka kiishe.

Kwa kuwa akademi inaendeshwa na trasti ambayo ni kampuni, mahesabu yake yapo Companies House bure. Humo unaona trasti ina shule ngapi, ina deni au akiba, bosi analipwa shilingi ngapi, samahani pauni ngapi. Kuna trasti mishahara ya juu inashtua.

Ramani za zamani za Ordnance Survey zipo kwenye websaiti ya maktaba ya taifa ya Scotland, za England pia, bure, unaweza kuweka ya zamani juu ya ya leo ukaona uwanja wa michezo ulikuwa mkubwa kiasi gani kabla haujauzwa nyumba zikajengwa. Hili pekee limenifundisha mengi kuhusu shule tatu.

Kama unataka kuzama, Middlesex karatasi zake zipo The London Archives pale Clerkenwell, kaunti nyingine zina ofisi zao za kumbukumbu. Kew kwenye hifadhi ya taifa agiza mafaili ya ED 35 na ED 109, la pili ni ripoti za wakaguzi wa sekondari wa zamani, na wale wakaguzi walikuwa wanaandika kwa kalamu yenye pilipili sio kama ripoti za siku hizi. Kwa modani iliyotokana na shule ya msingi ya zamani tafuta daftari la kila siku la mwalimu mkuu, mvua, surua, king'ora cha vita. Rejista zenye majina ya watoto mara nyingi zimefungwa miaka mingi, usigombane na mtu wa kaunta, ndo kanuni. Jarida la shule ndo tamu zaidi na maktaba ya mtaa inaweza kuwa nalo, na umoja wa waliosoma pale kama upo waandikie, wazee wanapenda kuulizwa.

Ya leo

Sare, hausi, prefekti, asembli, tai, vyote hivi Mswahili unavijua maana tulivirithi. Tumekuwa waaminifu kuliko wenyewe, sisi bado tuna Fomu Wani na Fomu Tuu, wao toka miaka ya mwanzo ya 90 wamehamia Year 7 mpaka 11, kilichobaki ni fomu siksi ambayo haina tena fomu faivu chini yake. Asembli yenye ibada kila siku bado ipo kwenye sheria tangu 1944, shule nyingi haziifuati hivyo, na mzazi ana haki ya kumtoa mtoto. Kiboko kwenye shule za serikali kilikatazwa kuanzia 1987. Sasa hivi adhabu ni ditensheni na chumba cha kutengwa, na hapo ndo pa kusoma tabia: omba sera ya nidhamu, ipo kwenye websaiti, angalia kurasa ngapi zinahusu soksi na ngapi zinahusu kuonewa. Majina ya hausi yasome pia, manahodha na majenerali ni ya zamani, ukikuta yamebadilishwa kuwa wanasayansi uliza lini na nani alipinga.

Ripoti ya Ofsted, wakaguzi wa shule, soma tarehe kwanza. Ile alama ya neno moja waliiacha Septemba 2024, kwa hiyo bango getini linalosema Outstanding linaweza kuwa la hedi aliyeondoka zamani. Na ile alama ya maendeleo, Progress 8, haipo kwa matokeo ya 2025 na 2026 kwa sababu watoto hao hawakufanya mtihani wa Year 6 wakati wa korona, kwa hiyo shule ikikuonyesha namba ya maendeleo uliza ni ya mwaka gani.

Kisha fanya kitu ambacho hakuna ripoti inafanya. Nenda Jumanne ya kawaida saa tisa na nusu mchana simama kituo cha basi. Sio siku ya wageni. Angalia kama walimu wapo nje, wakubwa wanawafanyaje Year 7, kama dereva anafungua mlango au anapita.

Kuhusu nafasi, hapa narudi kwenye futi. Shule inatangaza idadi itakayochukua, na ikizidiwa inafuata orodha: wenye mpango wa mahitaji maalumu wa EHCP uliotaja shule hiyo wanaingia, watoto walioko chini ya uangalizi wa kaunsili, halafu mara nyingi wenye ndugu pale, halafu umbali. Kila mwaka wanatoa umbali wa mtoto wa mwisho aliyepata, chukua wa miaka mitatu uone unavyopungua. Pima kwa mstari ulionyooka kama kanuni yao inasema hivyo, sio kwa njia unayotembea. Shule za kanisa zina fomu ya pili ya kwao, ukisahau hiyo umejitoa.

Fomu ya kaunsili inafungwa 31 Oktoba, majibu yanatoka 1 Machi. London unaandika mpaka shule sita. Andika kwa mpangilio unaoupenda kweli, shule haioni umeiweka ya ngapi na kuiweka ya kwanza ile ya mbali hakukupunguzii chochote kwenye ya pili. Ila lazima moja iwe ya uhakika kwa umbali, watu wanajaza ndoto sita halafu Machi wanapewa shule iliyobaki isiyo na mtu. Ukinyimwa una rufaa, unapewa siku zisizopungua 20 za shule kuiandaa.

Na ile shule ya korido tuliiandika ya pili tukaipata. Mwaka jana nilimuuliza mzee anayetunza funguo za shule kwa nini hawaongezi majina kwenye mbao, watoto si bado wanaenda vyuo? Akasema wanaenda wengi kuliko zamani, wengine hukohuko Oxford, ila yule aliyekuwa anaandika kwa dhahabu alikuwa mwalimu wa ufundi, alipostaafu hakuna aliyejua rangi anaitoa wapi.